Mrejesho: birika la kuchemshia maji ya kahawa

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza ninunue chombo gani cha kuchemshia maji ya kahawa, baada ya birika la tatu la umeme kunifia ndani ya miaka miwili. Wengine mlisema sufuria inatosha, wengine stili, na mzee mmoja akanishauri dele la shaba.

Dele nililiona Kariakoo. Zuri kweli, ila bati la ndani lilishabanduka na fundi wa kulitia upya sikumpata. Nikaliacha shingo upande.

Nimechukua birika la stili la kubandika jikoni, lita mbili. Kabla ya kulipa nilimulika ndani kwa tochi ya simu: mdomo umechomelewa, haukugundishwa. Mkono wake nao ni chuma, umepigwa ribiti. Unaunguza huo! Kitambaa cha kuushikia hakikosekani pembeni ya jiko.

Maji yetu ni ya kisima. Wiki ya tatu chini kulishatanda ukoko mweupe, mgumu kama wa wali. Aliyesema ndimu, ubarikiwe: nilikamulia mbili, nikachemsha, nikaacha usiku kucha, asubuhi ukatoka kwa kitambaa tu. Nahisi ukoko huo ndio uliokuwa ukiua yale ya umeme, maana unazuia joto kufika majini na koili inajiunguza yenyewe.

Stili inachelewa kuchemka kuliko sufuria yangu ya alumini. Sijali, muda huo natwanga tangawizi.