Naomba ushauri: vigwe vya farasi wa sanamu vinanitoka vinene

MsusiNgarenaro:
Habari zenu wapendwa. Mimi nasuka bangili za uzi hapa Arusha, wiki mbili zilizopita mama mmoja Mmarekani alinikuta barazani akaniuliza kama naweza kumsukia hatamu za farasi, nikajua farasi wa kweli kumbe ni wale wa plastiki wa Breyer watu wanakusanya, saizi yake ni moja ya tisa ya farasi mwenyewe. Kaniachia mmoja wa kupimia na advansi nusu. Nimesuka tatu zote hazijakaa, kigwe kinene halafu kinajipinda, ncha zinafumuka, na ile nyekundu niliilowesha ilainike ikachuja rangi kwenye shavu la farasi mweupe wa watu, nimesugua na sabuni limebaki doa la pinki. Kazi naipenda na nataka niijue kabisa. Anarudi baada ya siku kumi, nirudishe hela au kuna namna?

Mzee_Moshono:
Pole binti yangu. Kigwe chako kina milimita ngapi?

MsusiNgarenaro:
Shikamoo mzee. Tatu hivi, nimepima na rula ya mtoto.

Mzee_Moshono:
Marahaba. Sasa zidisha mara tisa, ni milimita 27, hiyo ni kamba ya kufungia jahazi. Hatamu ya kamba ya farasi wa kweli inakuwa kama milimita 6, gawa kwa tisa haifiki hata milimita moja. Ndo shida yako ilipo, mkono wako hauna kosa.

DadaWaKiboriloni:
Mzee kamaliza. Mi niko Moshi, nasuka nywele na nyuzi pia. Uzi wa kudarizi ukiufumua una nyuzi sita ndani, usitumie zote, chomoa mmoja mmoja upate minne, pitisha kwenye nta ya nyuki ili isitoe manyoya. Wa nje kushoto unapita chini ya miwili ya kati, unarudi juu ya mmoja, ukae katikati, halafu wa nje kulia hivyohivyo, kinatoka kigwe cha mviringo. Kujipinda ni kwa sababu unavuta upande mmoja kuliko mwingine, funga nati ndogo ya baiskeli kila ncha, bandika kichwa mezani kwa selotepu, ziache zining'inie, uzito ndo uvute sio wewe. Na kata uzi mrefu angalau mara moja na nusu ya unachotaka, kusuka kunakula.

kijana_wa_sakina:
Ncha choma na kiberiti tu dada.

DadaWaKiboriloni:
Hapana mdogo wangu, polyesta ndo inayeyuka ikashika, pamba inaungua inabaki jivu. Tia tone la gundi nyeupe kwa kijiti cha meno, ikauke ndo ukate. Supagluu usiguse, inakauka nyeupe na kukakamaa. Nyekundu iloweke kabla ya kusuka, ikandamize na tishu nyeupe iliyolowa, ikiacha rangi rudia.

MsusiNgarenaro:
Asanteni mno. Anataka na mecate, nayo nisuke hivyohivyo?

Mzee_Moshono:
Hiyo usisuke. Ni kamba ya wapanda farasi wa Mexico na California, kwa asili inasokotwa kwa singa za farasi, inafungwa kwenye bosal, ile pete ya ngozi ya puani. Sokota kila uzi kulia, kisha uziweke pamoja zijisokote kushoto, kama bibi zetu walivyofanya pajani. Zikikinzana hivyo hazifumuki. Hela usirudishe, ila habari ya doa mwambie mwenyewe leo, asije akalikuta.

MsusiNgarenaro:
Mrejesho. Nimempigia, kasema nisisugue tena, atalishughulikia mwenyewe, nikashusha pumzi. Jana usiku nimesuka na nati nne, kigwe kimenyooka, kimelala shavuni kinapita chini ya kidevu bila kuinuka. Nimekipima, rula haina mstari mdogo kiasi hicho. Leo naanza mecate.