Jiko la peleti au nibaki na kuni? Nipo Tabora

MamaIpuli: Wadau, napika kwa kuni za miombo ila moshi unaniua macho, sasa kuna jamaa ananiuzia jiko la peleti, vile vipande vya maranda yaliyoshindiliwa, lina kafeni chini, linafaa au napigwa?

Fundi_Cheyo: Jiko zuri dada, moshi karibu hakuna, sema feni inataka umeme au betri, na peleti zikinyeshewa zinavimba zinakuwa uji, mfuko wangu uliisha hivohivo. Ulizia kwanza peleti utapata wapi, bila hizo umenunua kiti

Ngambo4: Kuni zako mbichi hizo, ndo maana moshi! Pasua, panga juani zisiguse chini

MamaIpuli: Hee kumbe, nanunua zile zinazopitishwa kwa baiskeli, zikiwaka zinatoa povu. Ngoja nikaushe, hela ikae