Mbaazi imekosa maua inasingizia jua: msituambie mashabiki wa Oakland ndio tuliofukuza timu

Wakuu, habari za muda huu. Sijazoea kufungua uzi, mara nyingi napita kusoma tu, lakini jana nimelala na hasira na leo nimeamka nazo. Kuna kaka mmoja, naye anaishi huku Marekani, kaandika kwenye mjadala mwingine wa michezo kwamba timu ya besiboli ya Oakland, Athletics, imehama kwa sababu "watu wa Oakland walikuwa hawaendi uwanjani". Wengi wakamuunga mkono. Kaka, kwa heshima zote, umesema uongo. Pengine umeusikia kwa watu ukaubeba, lakini ni uongo, na mimi nimeumeza tangu niko sekondari. Leo nautapika.

Nimezaliwa Tanga mwaka 2005. Mwaka 2012 mama alinileta Oakland, California, alikokuwa akiishi mjomba. Nilikuwa na miaka 7, Kiingereza sijui, darasani nakaa nyuma kimya. Mjomba ni mtu wa Mkwakwani, Coastal Union hadi kwenye mifupa, na alipofika huku akakosa mpira wa kumkata kiu akaangukia besiboli. Mwaka uliofuata akanipandisha treni tukashuka kituo cha Coliseum, tukavuka lile daraja refu la waenda kwa miguu lililozungushiwa waya. Darajani wamejaa wachuuzi wa karanga na maji, wanaita wateja. Nikamwambia mjomba, mbona kama stendi ya kwetu? Akacheka sana. Halafu nikasikia ngoma. Jamani, ngoma! Kabla sijayaona majani ya uwanja nilisikia ngoma zinapigwa kutoka jukwaa la upande wa kulia, na bendera zinapepea juu yake. Mtoto wa Tanga, mwaka mzima sijasikia kitu kinachofanana na nyumbani, ghafla nasikia ngoma. Siku hiyo nikawa mtu wa Oakland.

Kwa msioujua mchezo: mrushaji anarusha, mpigaji anapiga kwa gongo, anakimbia kupitia besi tatu, akirudi pale alipoanzia ni pointi. Timu inacheza mechi 162 kwa msimu, na 81 kati ya hizo ni za nyumbani. Themanini na moja. Shikeni hiyo namba, maana watu wanapohesabu viti vitupu hawaikumbuki. Mjomba alikuwa anafanya kazi zamu ya usiku ya kuhudumia wazee, kwa hiyo sisi tulikuwa watu wa mechi za Jumatano mchana. Alikuwa anatoka kazini, analala kwa muda wa saa tatu tu, tunakwenda. Na leo mtu anatuambia hatukuwa tunakwenda.

Haya, tuje kwenye hesabu. Mwaka 1990 uwanja ule uliingiza watazamaji zaidi ya milioni 2.8. Mwaka 2014, mimi nikiwa mtoto pale pale, walipita milioni 2. Tarehe 2 Oktoba 2019, mechi moja ya mtoano dhidi ya Tampa Bay, tulikuwa 54,005. Mechi moja! Tulifungwa, mjomba hakusema neno hadi tunafika nyumbani. Sasa niambieni, watu 54,005 wa mwaka 2019 walikwenda wapi? Walikufa wote?

Hawakufa. Walichoshwa, na walichoshwa kwa makusudi.

Nikiwa na miaka 9 mama alininunulia fulana ya Josh Donaldson. Mwishoni mwa mwaka huo huo, 2014, wakampeleka Toronto. Mwaka 2015 akawa mchezaji bora wa American League, moja ya ligi mbili kuu za besiboli, akiwa na jezi ya watu wengine. Mjomba akaniambia: "Mwanangu, usinunue tena fulana yenye jina la mchezaji. Nunua yenye jina la mji, hilo hawawezi kuliuza." Nikamsikiliza. Hadi leo sina fulana yenye jina la mchezaji.

Halafu ikaja Machi 2022. Tarehe 12 wakamtoa Chris Bassitt kwenda New York. Tarehe 14 wakamtoa Matt Olson kwenda Atlanta. Tarehe 16 wakamtoa Matt Chapman kwenda Toronto. Siku tano, nguzo tatu za nyumba zimeng'olewa. Marcus Semien, mtoto wa hapa hapa upande wetu wa ghuba, walikuwa wameshamwacha aondoke tangu mwisho wa 2020. Na msimu huo huo wa 2022 bei za tiketi za msimu zikapandishwa! Unampa mtu sahani ya makombo halafu unamwongezea bei, akikataa kula unasema hana njaa. Timu ikapoteza mechi 102 mwaka huo na 112 mwaka uliofuata. Watu wakapungua, ndiyo, sikatai. Walishuka hadi chini ya 10,000 kwa mechi. Lakini anayeng'oa bati za paa hana haki ya kulalamika kwamba wapangaji wamehama kwa sababu ya mvua.

Uwanja nao wanausema. "Mbovu, mabomba ya maji taka yanapasuka, paka wa mitaani wanazurura." Ni kweli, mwaka 2013 maji machafu yalifurika hadi vyumba vya wachezaji. Lakini kuna jambo hamlisikii: kuanzia 2006 timu yenyewe ilifunika majukwaa ya juu kwa turubai, maelfu ya viti, ikaacha hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Nimekua naliangalia lile turubai. Wewe umeficha viti kwa mkono wako, kisha unamwonyesha mgeni unasema tazama, hapajai.

Nisimulie siku moja tu, kisha anayetaka kubisha abishe.

Tarehe 13 Juni 2023, siku ya Jumanne. Timu ni ya mwisho kabisa kwenye ligi. Mwenye timu ameshatangaza tangu Aprili kwamba anachukua ardhi Las Vegas. Mashabiki wakasema: tunaambiwa hatuji, basi siku moja tuje wote, tuonekane. Walichangishana, wakachapisha fulana za kijani zenye neno moja la kumtaka mwenye timu auze, wakazigawa bure pale nje ya uwanja. Nilikuwa na miaka 18. Mjomba aliomba ruhusa kazini, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwa homa. Tulikuwa 27,759, umati mkubwa kuliko wote waliowahi kuja msimu ule hadi siku hiyo. Mwanzoni mwa iningi ya 5, yaani kipindi cha tano, uwanja mzima ukanyamaza. Watu elfu ishirini na saba, kimya, unasikia bendera tu. Kisha ukalipuka: uza timu, uza timu! Niliona mzee wa umri wa babu yangu analia huku anapiga kelele. Na ile timu mbovu, siku ile ile, ikaifunga Tampa Bay 2 kwa 1, Tampa Bay waliokuwa wanaongoza ligi nzima, ukawa ushindi wa 7 mfululizo. Nimeshuhudia kwa macho yangu.

Wiki hiyo hiyo wabunge wa Nevada walipitisha dola milioni 380 za umma kumsaidia mwenye timu kujenga uwanja kule. Na tarehe 16 Novemba 2023 wamiliki wa timu zote 30 za ligi wakapiga kura kuiruhusu ihame: 30 kwa sifuri. Hakuna hata mmoja aliyesema subirini, mbona watu wale walijaa? Hata mmoja! Mabango ya timu yenyewe kwa miaka kadhaa yalikuwa yanatangaza kwamba mizizi yao iko Oakland.

Kaka uliyeandika, utasema ni biashara na mimi ni mtoto sielewi biashara. Haya, tuzungumze biashara. Timu ilipoondoka haikwenda Las Vegas, uwanja wa kule unatarajiwa 2028. Ikaenda Sacramento, kwenye uwanja wa timu za daraja la chini unaochukua watu kama 14,000. Msimu wa kwanza huko, 2025, ukaisha na watazamaji wachache kuliko msimu wa mwisho wa Oakland. Umeelewa? Wachache kuliko sisi tuliokuwa tunaomboleza. Na jina la mji wameliondoa kabisa, sasa inaitwa Athletics tu, haina kwao. Lile ambalo mjomba aliniambia haliuziki, wamelifuta.

Watu wa nyumbani mnaosoma hili mkadhani ni mambo ya Wamarekani, waulizeni watu wa Mbarali. Timu yao ya soka, Ihefu, ilichukuliwa mwaka 2024 ikapelekwa Singida, ikabadilishwa na jina. Nilipoisoma habari ile nilijua mtoto wa Ubaruku amelala anajisikiaje. Mnacheka kwa sababu si Simba wala Yanga. Siku mtu akija na hati mkononi akasema Msimbazi hapana faida, ndipo mtakaponikumbuka.

Nilikuwepo na siku ya mwisho, tarehe 26 Septemba 2024. Watu 46,889. Tuliwafunga Texas 3 kwa 2, na Semien alikuwa upande wa Texas. Rickey Henderson na Dave Stewart, magwiji wetu wa zamani, wote watoto waliokulia Oakland, ndio waliorusha mipira ya ufunguzi. Rickey kaiba besi, yaani kuchomoka kwenda besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe, mara 1,406 katika maisha yake, anayemfuata ana 938. Jina lake liliandikwa kwenye uwanja ule. Naye aliletwa Oakland na mama yake akiwa na miaka 7. Nilipolijua hilo nikiwa mdogo nilimwambia kila mtu shuleni, kwa kile Kiingereza changu cha kubabaisha: mimi na Rickey tumefika na umri mmoja. Alifariki tarehe 20 Desemba, hata miezi mitatu haijapita tangu uwanja wake ufungwe. Mjomba alinipigia simu kunipa habari, tukabaki kimya wote wawili.

Baada ya mechi ile watu hawakutaka kutoka. Wafanyakazi wa uwanja walikuwa wanagawa udongo, watu wanaupokea kwenye vikombe, kwenye kofia. Kocha Mark Kotsay alishika kipaza sauti akatushukuru. Nikasubiri mwenye timu naye atokee aseme japo kwaheri. Hakutokea.

Mimi na mjomba sasa tunakwenda Raimondi Park, Oakland Magharibi, kuwaangalia Ballers, timu ndogo iliyoanza kucheza 2024 na ambayo mashabiki wenyewe wamenunua hisa zake. Uwanja ni mdogo, karanga zipo. Lakini sitasahau na wala sitanyamaza kila mtu atakapokuja na ile kauli ya kwamba hatukwenda.

Kaka, nimekuwekea tarehe na namba. Nakuomba ukafute ulichoandika, au uje hapa unionyeshe tulipokosea. Wengine wenye maswali andikeni, nitajibu nikitoka zamu, saa nne usiku kwa saa za huku.