Baba ana ALS: tuanzeje kumuuliza anataka nini?

Kijana wa Ngamiani: Salaam jamvini. Baba ni fundi cherehani hapa Tanga, ana ALS, ule ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli polepole hadi ya kumeza na kupumua. Mikono imelegea, sasa na ulimi umeanza kuwa mzito. Daktari kasema tuzungumze naye mapema kuhusu mrija wa chakula na mashine ya kupumulia. Shangazi kaja juu: "Mnamchuria kaka yangu!" Nifanyeje?

Nesi mstaafu: Pole mwanangu. Kuongea si uchuro. Kwa ALS akili mara nyingi hubaki timamu lakini sauti hupotea, ndiyo maana mnaharakishwa. Muulize yeye, si shangazi. Mrija wa tumboni ni salama zaidi ukiwekwa kabla kifua hakijachoka, kwa hiyo hata "tutaona baadaye" ni uamuzi. Andikeni na tarehe. Akibadili mawazo, mnaandika upya.

Mama Zuhura: Mimi na marehemu mume wangu tulianza na swali moja: unaogopa nini zaidi? Akasema kukosa pumzi. Daktari akamweleza kwamba mofini kidogo, ile dawa kali ya maumivu, hutuliza. Mashine ya barakoa akaikubali, ya kutoboa koo akaikataa. Na mrekodi sauti kwenye simu, leo hii.

Kijana wa Ngamiani: Nimemuuliza baada ya alasiri. Mrija anautaka. Kutobolewa koo hataki, "na dada asinisemee." Shangazi kanuna. Kalamu hawezi kushika, atasainije?

Nesi mstaafu: Dole gumba, mbele ya daktari na shahidi. Nakala moja ibaki kwenye faili la hospitali.