Jirani Mwislamu kaniletea futari na mimi nimetumwa kuhubiri, naombeni ushauri

FundiFriji_Jangombe:
Habari zenu wadau. Mimi ni mtu wa Mbeya, kanisa letu limenituma Unguja mwaka jana mwezi wa kumi nianzishe huduma, mchana natengeneza mafriji jioni ndo kazi ya Bwana. Nimepanga chumba Jang'ombe, nyumba nzima Mkristo ni mimi peke yangu. Nilikuja na boksi la vipeperushi, na kila Jumapili usiku mzee wa kanisa ananipigia simu anataka hesabu, umeongea na wangapi, wangapi wamempokea Yesu, najibu tu bado baba tuombeane.

Sasa tumeingia Ramadhani, siku ya kwanza magharibi imekaribia nasikia hodi, mtoto wa nyumba ya mbele kashika sahani imefunikwa kawa, eti mama kasema umpe fundi. Nafunua, mkate wa kumimina bado wa moto na muhogo wa nazi. Kesho yake tena. Kiukweli nimekula huku nalitazama lile boksi chini ya kitanda na moyo haukutulia. Nampenda Yesu na sioni aibu kumtaja, ila huyu mama hajui kilichonileta, anajua fundi friji tu. Hizi sahani nazirudishaje, na vipeperushi nigawe au nisigawe?

BintiMwembetanga:
Kaka karibu Unguja. La sahani jepesi, kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, lakini usimpikie. Si kwamba anakuona mchafu, hapana, ila nyama hatojua kachinja nani, wala sufuria ilipikiwa nini jana, na ataona haya kukuuliza. Mpe kitu kibichi umwondolee shida yote hiyo, ndizi mbichi au nazi mbili kutoka soko la Mwanakwerekwe, hata sukari kilo, upeleke alasiri apate kupika siku ile ile.

La vipeperushi ndo zito. Siku moja mamangu kaamka alfajiri kakuta karatasi imechomekwa dirishani, imeandikwa mambo ya Yesu, na sie Nabii Issa tunamwamini, na jina la Mungu limo ndani. Basi mama hawezi kuitupa jaani kwa sababu ya lile jina, na kuiweka pamoja na msahafu hawezi. Akaikunja akaiweka juu ya kabati, kila akifagia anaitazama, wiki nzima yuko hivyo. Na alieiacha hakubisha hata hodi. Mie nnakwambia si kwa ubaya, kwetu mtu mwenye neno lake huja barazani akakaa akalisema. Mwambie huyo mama kwa mdomo wako, mie mtu wa kanisa na kanisa ndo lilonituma. Akilisikia kwa mtu mwengine ataona futari yake umeila kwa hila. Na watoto waache kabisa, usiwakusanye kwa peremende, hapo hata mie ntakasirika.

MbweniKwetu:
Dada kasema kweli tupu. Mie Mwanglikana, mababu zangu ni katika watumwa walokombolewa kwenye majahazi wakapewa makazi Mbweni kwenye shamba la misheni. Wale UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, walifika hapa 1864 na Askofu Tozer, na pamoja naye Steere, ambae baadae akawa askofu. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini pale pale, na Krismasi ya 1877 wakasali ibada ya kwanza. Steere kafariki 1882, kazikwa nyuma ya altare, nenda ukaone.

Lakini nataka ulijue hili. Kabla ya jiwe hata moja kuwekwa, 1870 huyu bwana Steere keshachapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili cha hapa Unguja, na hadithi alizosimuliwa na watu wa mji huu, maana yake alikaa akasikiliza. Na pamoja na yote hayo walobatizwa wengi walikuwa watumwa walookolewa, pamoja na watu wa bara, Waislamu wa mji walibaki na dini yao. Huyo mzee wako wa hesabu mwambie.

Na mwambie pia 2012 hapa makanisa yalichomwa, mwezi wa Novemba sheikh akamwagiwa tindikali, Februari 2013 padre akapigwa risasi akafa. Mtaani kwetu jirani zangu Waislamu walikuja kukaa na sie usiku barazani, tulikuwa tunaogopa pamoja. Wewe ukivuruga utapanda boti urudi bara, sie tunabaki na watu hawa tunaozikana nao.

MtuWaChake:
Huku Pemba wamisionari wa Quaker, dhehebu la Kikristo, walikuja 1897, mwaka uleule wa amri ya kufuta utumwa, wakanunua shamba Banani karibu na Chake wakawapa walioachwa huru kazi ya mshahara. Na wewe una ufundi. Friji la huyo mama likifa katikati ya mfungo litengeneze vizuri kwa bei ya haki, na mahubiri usiyaweke ndani ya bei.

FundiFriji_Jangombe:
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Leo alasiri nimeenda na ndizi mkungu mdogo na nazi mbili, nikakaa barazani nikamwambia mama mimi ni mtumishi wa kanisa nimetumwa huku. Kanyamaza, kachukua nazi moja kaitikisa sikioni, akasema hii ingali koroma, kakupunja aliyekuuzia. Kisha akasema nilishajua, Jumapili unatoka na Biblia kwapani, kwani mie sina macho? Kaniuliza huko kanisani tunawaombea wagonjwa, nikasema ndio, akasema basi mtajeni kakangu, miguu imemvimba wiki ya tatu hii.

Nimemtaja jioni hii. Boksi bado liko chini ya kitanda, Jumapili mzee akipiga nitamweleza vyote hivi kama vilivyo. Naenda kufungua mlango, nasikia hodi ya mtoto.