Mjadala: Je, dereva wa abiria aruhusiwe kuzungumza na simu akiwa amevaa spika za masikioni?

Wiki iliyopita, hapa Mwanza, ndani ya daladala iliyokuwa ikitoka Igoma kuelekea mjini, mama mmoja aliyeketi nyuma ya dereva alimwomba kwa upole amalize kwanza mazungumzo ya simu ndipo aendelee na safari. Dereva alimjibu kwa heshima zote: "Mama yangu, ondoa shaka, nimevaa za masikioni, mikono yote iko kwenye usukani." Abiria kadhaa walimuunga mkono, wengine wakaguna, na ubishi ukatufikisha Mlango Mmoja bila mshindi. Ninauleta hapa ubishi ule ule, kwa kuwa naamini dereva alikosea, na waliomtetea pia.

Watetezi wake walisema kwamba hatari ya simu iko mkononi na machoni, hivyo mikono ikiwa huru na macho yakitazama mbele, hatari imekwisha. Kuhusu macho wana haki. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo katika maeneo ya makazi, hupita takriban mita 14 kila sekunde. Dereva anayeinamia simu kwa sekunde mbili kusoma ujumbe wa muamala huwa amekwenda mita 28 kama kipofu, na pale Buzuruga, ambako wanafunzi, mikokoteni na bodaboda hugombea ukingo mmoja wa barabara, mita hizo zinatosha kuua mtu.

Hata hivyo, simu isiyoshikwa haikuonekana kuwa salama zaidi pale ilipochunguzwa. Mwaka 1997 watafiti Redelmeier na Tibshirani walichapisha uchunguzi wa madereva 699 wa Toronto waliokuwa na simu na waliopata ajali. Walipolinganisha ajali hizo na kumbukumbu za simu zilizopigwa, walikuta kwamba uwezekano wa kugongana wakati wa mazungumzo ulikuwa karibu mara nne ya kawaida, na kwamba waliotumia simu zisizoshikwa mkononi hawakupata nafuu yoyote. Utafiti wa Perth, Australia, uliochapishwa mwaka 2005 ukihusu madereva 456 waliofikishwa hospitalini baada ya ajali, ulitoa jibu linalofanana na hilo.

Kijana mmoja katika daladala ile aliuliza swali zuri: mbona dereva huzungumza na konda kutwa nzima na hatumkatazi? Tofauti ni kwamba konda anaiona barabara. Bajaji ikichomoza ghafla, konda hunyamaza au hupiga kelele, na kwa vyovyote anamsaidia dereva. Anayepiga simu kutoka nyumbani kwake Kirumba haoni chochote. Huendelea kudai jibu wakati ule ule ambao dereva anahitaji akili yake yote kwa ajili ya breki. Macho ya dereva yanaweza kuwa yamemwelekea mtoto anayevuka na bado asimtambue kwa wakati, kwa sababu fikra ziko kwenye hesabu.

Nimetaja hesabu kwa makusudi. Anayepigia madereva wetu simu mara nyingi ni mwenye gari, anayetaka kujua fedha ya siku imefikia wapi, na dereva asiyepokea huogopa kunyang'anywa gari jioni. Kumtoza faini dereva peke yake, huku tajiri akiwa hagusiki, ni kukata tawi na kuacha shina. Pendekezo langu ni kwamba simu ya dereva wa daladala ishikwe na konda mpaka mwisho wa safari, na mwenye gari ampigie konda.

Kwa madereva wa masafa, jambo lingine limebadilika bila sisi kuliwazia. Kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, waendao Sengerema na Geita walisubiri kivuko, wakati mwingine kwa saa nyingi, na simu zote zilimalizikia pale. Hakuna atakayetamani foleni zile zirudi, lakini pumziko lile limeondoka, na simu zilizopigwa kando ya maji sasa hupokelewa gari likiwa katika mwendo.

Nakiri kwamba kwa bodaboda hoja yangu inalegea. Hana konda, mteja wake yumo ndani ya simu ile ile anayoichomeka kwenye kofia ngumu, na akikosa simu tatu amekosa chakula cha watoto. Ukimwambia asimame pembeni ndipo apokee, atakuuliza kwa haki kabisa ni pembeni ipi, kwa kuwa sehemu nyingi ukingo wa barabara umeshachukuliwa na meza za wauza nyanya. Bado nasema asizungumze akiwa amenipakia mimi. Mwenye namna ya kulitimiza hilo bila kumnyima riziki yake aieleze, nami nitabadili msimamo wangu juu ya adhabu anayostahili, ingawa si juu ya hatari yenyewe.