MREJESHO: Mzee Roshi kulipua mwezi, hesabu imekaa hivi

Wakuu, niliuliza Mzee Roshi wa Dragon Ball (katuni ya Kijapani) alivyolipua mwezi kwa Kamehameha (mwale wa nishati anaourusha kwa mikono) nguvu yake tunaipimaje, wengine mkasema tuangalie ukubwa wa mwanga, wengine mvutano unaoushikilia mwezi usisambaratike. Mimi nimesimama na huu mvutano maana masi na nusu kipenyo cha mwezi vinajulikana, mwanga kila mchoraji anauchora anavyotaka. Nishati ya kuusambaratisha inakuja kama jouli (kipimo cha nishati) 1.2 × 10^29, yaani lile bomu la Wasovieti la 1961 la megatani 50, yapigwe kama bilioni 600 kwa mpigo!! Sasa dunia yetu inataka karibu mara 1,800 ya hapo, kwa hiyo mnaosema aliyevunja mwezi anavunja na dunia nawapinga kabisa. Anayeweza kupima spidi ya vipande kwenye michoro aje, hapo nishati inaweza kupanda zaidi.